Nimejaribu magnesiamu aina tatu, moja nusura inidhalilishe kwenye daladala

Kwanza famasi nyingi za mtaani hapa Dar ukisema tu "naomba magnesiamu" unapewa vile vidonge vyeupe vya kutafuna vya kiungulia. Mimi sikutaka hivyo, nilitaka ile ya kuongeza madini mwilini maana kigimbi kilikuwa kinakaza usiku mpaka naruka kitandani mke wangu anadhani kuna mwizi.

Kopo la kwanza lilikuwa oksaidi, elfu 18 vidonge 100, nikajiona mjanja. Nikameza viwili asubuhi bila hata chai nikapanda gari. Kufika Mwenge tumbo linanguruma, foleni haisogei, namwambia konda nishushe hapa hapa ananijibu hapa sio kituo kaka, nikamuangalia tu usoni akaelewa akafungua mlango. Choo cha sheli ndio kilinisitiri. Kumbe oksaidi kwa uzito ina magnesiamu nyingi, kama asilimia 60, ila mwili unafyonza kidogo sana, inayobaki inavuta maji kwenye utumbo, ndo mana watu wanaitumia kulainisha choo.

Ya pili sitreti, ya unga, unakoroga kwenye maji ina uchachu kama ndimu. Inafyonzwa vizuri kuliko oksaidi, ila ukizidisha kijiko nayo inaendesha. Sina ugomvi nayo.

Ninayotumia sasa ni glisineti, elfu 65, bei inauma na vidonge vyenyewe vikubwa kama vya ng'ombe, ila mwezi wa pili huu tumbo limetulia kabisa. Nameza baada ya chakula cha usiku. Sasa hapa kwenye lebo ndo wengi tunapigwa: mbele wameandika 1,000 kwa maandishi makubwa (uzito wa glisineti nzima), geuza kopo usome nyuma, magnesiamu yenyewe ni miligramu 140 hivi, na hiyo ni kwa vidonge viwili sio kimoja! Kuna nyingine zimeandikwa glisineti ukisoma viambato unakuta wamechanganya na oksaidi, hiyo rudisha. Na usishindane kumeza, Wamarekani wameweka kikomo cha miligramu 350 kwa siku kwa mtu mzima (ya vidonge, ya kwenye chakula haihesabiwi), Ulaya wao 250.

Kama figo zina shida usiguse bila daktari, mama mkwe aliniomba nikamnyima akanuna wiki nzima, bora anune. Na ukiwa kwenye dozi ya antibiotiki kama doksi (doxycycline) au sipro (ciprofloxacin) achanisha masaa, usimeze pamoja, magnesiamu inaishika dawa tumboni haifanyi kazi.

Kigimbi je? Kimepungua kukaza, ila siwezi kuapa ni vidonge maana kipindi hicho hicho nilianza kunywa maji ya maana na kunyoosha miguu kabla ya kulala. Usingizi nao naona mzuri, au labda ni ile elfu 65 inanilazimisha nione mzuri. Jamaa yangu yeye anatafuna mbegu za maboga tu, kiganja kimoja kina magnesiamu kama ya vidonge vyangu viwili, ananicheka kila siku.

Glisineti naipa nyota 4, sitreti 3. Oksaidi ipo kabatini, mama mdogo akifunga choo ndo anaiulizia.