Laini ya Schlenk ya bilula tano: itahimili hewa ya Mombasa?

Kwa anayetaka kuingia katika utafiti wa oganometali, misombo ambayo kaboni yake imeshikana na metali moja kwa moja, laini ya Schlenk, yaani mtambo wa kufanyia kazi pasipo hewa, ndiyo kifaa cha kwanza kununua. Mingi ya misombo hiyo huharibika ikiguswa na oksijeni au unyevu, na hapa kwetu unyevu haupungui, iwe kusi au kaskazi. Laini hii ni ya mtindo wa kawaida: mabomba mawili ya glasi ya borosilikati yaliyolala sambamba, moja la nitrojeni na jingine la ombwe, yameunganishwa kwa bilula tano za njia mbili. Jina linatokana na Wilhelm Schlenk, mkemia Mjerumani.

Glasi yenyewe ni nzuri sana. Vinavyoandamana nayo ndivyo vibovu. Mipira iliyomo kwenye boksi ni myembamba, hujikunja ombwe linapovuta; tafuta yenye ukuta mnene. Vibanio vyake ni vya chuma cha kawaida, na hewa ya chumvi itavila. Nunua vya chuma kisichoshika kutu tangu mwanzo.

Bilula huuzwa za aina mbili. Za Teflon hazihitaji grisi, lakini Teflon hutanuka kwa joto kuliko glasi, basi kilichokazwa mchana wa joto huweza kulegea AC ikiwashwa. Kwa pwani, za glasi ni bora. Paka grisi ya silikoni mistari miwili myembamba, mbali na tundu, kisha zungusha kizibo mpaka kiunganio kionekane angavu kote. Ukiona michirizi, hapo hewa inapita: futa, paka upya. Usizidishe, maana viyeyusho huichukua grisi hiyo nawe utaikuta kwenye spektra ya NMR, kipimo cha kutambulia misombo kwa sumaku, karibu na 0.07 ppm, ukaidhania ni zao lako.

Sehemu inayotaka umakini zaidi ni mtego baridi, chombo kinachopozwa ili kunasa mvuke wa viyeyusho kabla haujafika kwenye pampu, kwa kuwa ndio unaoweza kuua. Nitrojeni ya kimiminika inayoupoza, ile ile wanayohifadhia mbegu za ng'ombe wapandishaji, ina -196 °C, na oksijeni hugeuka kimiminika kwa -183 °C. Hewa ikivuja ndani, oksijeni hujikusanya juu ya viyeyusho vilivyonaswa, na mchanganyiko huo hulipuka. Kwa hiyo washa pampu kwanza, hakikisha ombwe limeshika, ndipo uinue thamosi yenye nitrojeni hiyo hadi kwenye mtego. Ukiona kimiminika cha buluu hafifu mtegoni, acha thamosi ilipo, acha pampu ikiendelea, shusha kioo cha kabati la moshi na uwatoe watu wote.

Sasa fikiria stima ikipotea. Pampu husimama, na mafuta yake hurudi kuvutwa kuelekea laini. Shusha thamosi mara moja, kisha fungua njia ya hewa iliyo upande wa pampu. Laini hii haina vali ya kuzuia mafuta kurudi. Chagua pampu iliyo nayo, hata kama ni ghali. Mahali ambapo stima haiaminiki, barafu kavu na asetoni, takriban -78 °C, ni salama zaidi: haiwezi kuigeuza oksijeni kuwa kimiminika, ingawa viyeyusho vyepesi vingine vitapenya hadi kwenye mafuta ya pampu, nayo yabadilishwe mara kwa mara.

Jambo jingine la Mombasa: etha, kiyeyusho cha kawaida cha kazi hii, huchemka kwa 34.6 °C. Kaskazi ikivuma, chumba kisicho na AC kiko karibu kabisa na hapo, na ukivuta ombwe etha hurusha povu hadi kwenye laini. Kwa rejenti za Grignard, misombo ya oganometali yenye magnesiamu, tumia kiyeyusho cha THF, kinachochemka kwa 66 °C, kilichokaushwa kwa zeolaiti yenye vitundu vya angstromu 3 baada ya zeolaiti hiyo kupashwa 300 °C chini ya ombwe. Flaski ikitoka kwenye barafu, futa maji yaliyojikusanya nje kabla ya kufungua kiungio.

Kipimo cha haki cha laini mpya ni hiki. Pasha flaski tupu kwa bunduki ya joto chini ya ombwe, jaza nitrojeni, rudia mara tatu. Hamishia humo mililita 5 za myeyusho wa buluu wa benzofenoni na sodiamu katika THF, ambao rangi yake hufifia ukiguswa na oksijeni au unyevu, bila kipande cha sodiamu, na mapovu ya nitrojeni yapite takriban moja kwa sekunde. Buluu ikidumu hadi asubuhi, laini iko tayari. Ikififia, anza kukagua bilula iliyo karibu na flaski.