Vihisi vya Chumba cha Seva: Kipi Ununue Kwanza, Kipi Ukiache Dukani

Chumba cha seva cha saccos, hospitali au chuo huharibika kwa njia inayojulikana. Umeme unakatika saa nane usiku. UPS, kile kifaa cha betri kinachoshika umeme ukikatika, inabeba seva, lakini AC haiko kwenye UPS, kwa hiyo inazima. Umeme unarudi, na AC ya ukutani isiyojiwasha yenyewe inabaki imezima, inangoja mtu abonyeze rimoti. Seva zinaendelea kutoa joto ndani ya chumba kilichofungwa, na anayefungua mlango asubuhi anakutana na tanuri. Orodha hii imepangwa kwa swali moja: saa hiyo, kifaa gani kitakuamsha?

1. Vihisi ulivyokwisha kuvilipia

Seva za raki huja na vihisi ndani. iDRAC ya Dell na iLO ya HPE, yaani vidhibiti vya mbali vilivyo ndani ya seva, husoma joto la hewa inayoingia mbele, kasi ya feni na hali ya pawasaplai. Kwenye Linux, amri ya `ipmitool sdr type temperature` inakuonyesha namba papo hapo. Ziingize kwenye Zabbix au LibreNMS, zote ni programu za bure za ufuatiliaji. Weka onyo kwenye nyuzi 27, kwa kuwa ASHRAE, chama cha wahandisi wa upoozaji cha Marekani, wanapendekeza hewa inayoingia iwe kati ya 18 na 27, kisha dharura kwenye 32. Kazi ya jioni moja. Vihisi hivi havioni maji sakafuni wala betri, ndiyo maana orodha inaendelea.

2. Kadi ya mtandao ya UPS, pamoja na kihisi chake cha joto

Shilingi ya kwanza iende hapa. Kadi inakuambia umeme umekatika, mzigo ni kiasi gani na zimebaki dakika ngapi, na inaweza kuziamuru seva zijizime kwa utaratibu zikibaki dakika 5. Ipange ijaribu betri kila wiki 2. Joto ni muhimu hapa pia: kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza umri wa betri ya risasi kwa takriban nusu, kwa hiyo chumba chenye nyuzi 35 kinakula betri mara mbili zaidi. Kabla ya kulipa, geuza UPS uangalie nyuma kama ina tundu la kadi. Nyingi za mezani zina USB tu; kwa hizo tumia programu ya bure ya NUT, inayosoma UPS kupitia USB hiyo.

3. Kisanduku cha SNMP chenye vihisi vya waya

SNMP ni lugha ambayo vifaa hutumia kuripoti hali yao kwenye mtandao. Chagua kinachopata umeme kwa PoE, yaani kupitia waya wa mtandao, kutoka swichi iliyo kwenye UPS, chenye nafasi 4 au zaidi. Kihisi kimoja kikae mbele ya raki, juu, ambako hewa moto ya nyuma huzunguka na kurudi. Kimoja kwenye mdomo wa AC, kimoja inakoingizia hewa, na cha nne kiwe waya wa kugundua maji chini ya bomba la kutolea maji la AC.

Vile viwili vya AC ndivyo vinavyookoa pesa. AC nzima hupoza hewa kwa nyuzi 8 hadi 12 hivi. Tofauti ikishuka chini ya 6 kwa siku kadhaa ilhali AC inafanya kazi, chujio limejaa vumbi au gesi imepungua: mwite fundi sasa, usingoje zamu ya robo mwaka.

Kosa linalorudiwa ni kubandika kihisi ukutani kwenye upepo wa AC. Kinasoma 20 huku seva ya juu inavuta hewa ya 31. Waya wa maji nao hulia ovyo sakafu ikipigwa deki, basi msafishaji aonyeshwe ulipo.

4. ESP32 na DS18B20 za kujiunganishia

ESP32 ni kompyuta ndogo ya chipu moja, na DS18B20 ni kihisi cha joto. Ni rahisi mno, kwa anayeshika solda. Weka resista ya kiloomu 4.7 kati ya waya wa data na volti 3.3. Ukiona -127, kihisi hakionekani. Ukiona 85 kamili, kimepoteza umeme na kuanza upya, hakuna moto. Onyo lisubiri vipimo 3 mfululizo. Vihisi bandia vimejaa sokoni, hivyo vilinganishe vyote kwenye glasi moja ya maji yenye barafu kabla ya kuvifunga.

5. Vihisi vya Wi-Fi vya nyumbani

Viache dukani. Hutegemea ruta na seva za mbali. Intaneti ikikatika vinanyamaza, nawe unadhani ni salama.

Chochote ulichochagua, onyo lisitegemee intaneti ya ofisi. Modemu ya GSM, yenye laini ya simu, kwenye UPS inatosha, na Zabbix inaweza kutuma SMS kupitia hiyo. Itume SMS ya majaribio kila Jumatatu: salio huisha, na laini isiyotumika kwa miezi hufungwa.

Halafu zima AC mchana, ukiwa umesimama pale, upime dakika kutoka 24 hadi 32. Zikiwa 15, na mpokea SMS analala Kibaha huku seva ziko mbali, Posta ya Dar es Salaam, pesa ya kisanduku peleka kwanza kwenye AC inayojiwasha yenyewe.