Uzoefu wangu wa kuomba fedha za msaada wa serikali baada ya mafuriko ya Mto Sabaki

Shamba letu liko kando ya Mto Sabaki, bara ya mji wa Malindi, na mafuriko ya Novemba 2023 yaliyoletwa na mvua za El Niño yalichukua mahindi yaliyokuwa karibu kukomaa, mbuzi, pampu ya maji na nyumba ya udongo ya mama mkwe wangu. Ninaandika haya kwa wale ambao huenda wakalazimika kuomba fedha za msaada kutoka serikalini siku za usoni, kwa sababu nilipotafuta maelezo ya aina hii mimi mwenyewe sikuyapata, na kila niliyemuuliza alinielekeza kwa mwingine.

Niseme mapema kwamba mimi na mume wangu tulilipwa. Fedha ziliingia kwa M-Pesa, hakuna aliyetudai chochote ili azitoe, na zilitosha kununua mabati, misumari na mbegu za kupandia masika. Kwa mtu aliyeshinda juani akipanga foleni ya unga na maharagwe, kupewa fedha mkononi ni heshima kubwa, kwa kuwa mwenye nyumba ndiye ajuaye kama anahitaji misumari kuliko blanketi jingine. Kwa upande huo huduma hii naisifu bila kusita.

Malalamiko yangu yako kwenye orodha. Siku za mwanzo, karani alifika pale juu kwenye mahema ya kambi ya waliokimbia mafuriko na kuandika majina ya watu aliowakuta hapo. Alitumia daftari lililokuwa limelowa pembeni, na palipotakiwa namba ya kitambulisho, mbele ya majina mengi aliweka kistari tu, kwa sababu vitambulisho vilikuwa vimesombwa pamoja na masanduku ya nguo. Hakuna aliyetueleza wakati ule kwamba daftari hilo ndilo litakaloamua nani alipwe. Baadaye majina yalipohakikiwa, waliokuwa na kistari waliondolewa, na wasiokuwapo kwenye mahema hawakuwa wameandikwa kabisa.

Mama mkwe wangu ni mmoja wa hao wa mwisho. Maji yalipoanza kupanda, shemeji yangu alimchukua akampeleka kwake mjini, jambo ambalo kila mwenye wazee angelifanya, maana ajuza mwenye maumivu ya magoti hawezi kulala juu ya turubali kwenye tope. Tulipokwenda kuuliza, tulijibiwa kwa upole kabisa: "Mama, huyu bibi hakulala kambini, kwa hivyo hatuna namna ya kumjua." Nilionyesha picha ya ukuta wa nyumba yake ulioanguka, mzee wa mtaa akasimama akathibitisha, lakini jibu halikubadilika. Kwa utaratibu huo, aliyepoteza nyumba akahifadhiwa na nduguye anahesabiwa kuwa hakupoteza kitu, na mzigo wote unabaki kwa huyo ndugu ambaye naye hana ziada.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba serikali inamjua vizuri sana. Mama ametimiza umri wa miaka 70 zamani na yumo katika mpango wa Inua Jamii, unaowalipa wazee shilingi 2,000 kwa mwezi. Jina lake, namba ya kitambulisho chake na mahali anapoishi vimo tayari katika kumbukumbu za serikali hiyo hiyo. Ilihitajika tu ofisi moja iulize nyingine.

Wala Sabaki si mto wa kushtukiza. Maji yake hutoka mbali: Mto Athi huanzia nyanda za juu karibu na Nairobi, ukikutana na Mto Tsavo huitwa Galana, na ukikaribia bahari ndio unakuwa Sabaki. Mvua ikinyesha sana bara, huchukua siku kadhaa kabla ya kutufikia, na kwanza mto hubadilika ukawa mwekundu kwa udongo, hata bahari ya Malindi ikachafuka rangi. Wazee wetu wanayakumbuka mafuriko ya mwaka 1961, na sisi tunayakumbuka ya 1997. Mwaka 2023 Idara ya Hali ya Hewa ilikuwa imekwisha kutabiri vuli yenye mvua nyingi kuliko kawaida. Kaya zilizo bondeni zinajulikana, mzee wa mtaa anaweza kuzitaja moja baada ya nyingine, kwa hiyo zingeweza kuandikishwa wakati wa kiangazi watu wakiwa na vitambulisho vyao mkononi.

Hili si jambo geni hapa Kenya. Katika kaunti za Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, mpango wa fedha za kukabiliana na njaa uliandikisha kaya mapema na kuzifungulia akaunti za benki, na picha za setilaiti zinapoonyesha kwamba malisho yamekauka kupita kiasi, fedha hutumwa hata kwa kaya ambazo kwa kawaida hazilipwi kila mara, bila kuanza upya kuandika majina. Sioni kwa nini kina cha mto kisitumike vivyo hivyo kwetu sisi wa Sabaki.

Kwa atakayeomba, kuna mambo mawili ya kushughulikia sasa hivi. Kwanza, hakikisheni kwamba laini ya simu mnayotoa imesajiliwa kwa jina lile lile lililo kwenye kitambulisho. Jirani yetu alitoa laini iliyosajiliwa kwa jina la mwanawe, malipo yakakataa, na kusahihisha kulichukua muda mrefu kuliko maombi yenyewe. Pili, pigeni picha kitambulisho pande zote mbili mkaituma kwa jamaa aliye mbali na mto. Kupata kingine kunahitaji ripoti ya polisi ya kupotelewa, na ada yake, iliyokuwa shilingi 100 kwa miaka mingi, tangu 2024 ni shilingi 1,000, kiasi ambacho aliyetoka majini hana. Ada hiyo ingefaa kusamehewa kwa waliokumbwa na maafa.

Anayenyimwa asiondoke na jibu la mdomo tu. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuomba habari kutoka ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa kuamua ombi hilo ndani ya siku 21. Tuliandika barua ya ukurasa mmoja, tukauliza ni vigezo gani vilivyotumika na jina la mama liliachwa kwa sababu gani, tukabaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Tangu barua hiyo iingie tumezungumzishwa tofauti kabisa: tulipewa jibu la maandishi kwamba hakuandikishwa kwa sababu hakuwapo, na jibu hilo ndilo tuliloliambatisha kwenye malalamiko yetu kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Mama bado hajalipwa, na malalamiko hayo bado yanashughulikiwa.