Saanane kwa siku moja: wahi boti ya asubuhi

Anayekwenda Kisiwa cha Saanane, ndani ya Ziwa Victoria huko Mwanza, akitafuta tembo atarudi gati la Capri Point mapema akiwa amenuna, na lawama haitakuwa ya kisiwa. Hifadhi hii ya Taifa ina kilomita za mraba 2.18 tu, na humo yamehesabiwa pia maji yanayoizunguka pamoja na visiwa vidogo vya jirani. Utakachokikuta ni mawe, ndege, pimbi, swala, kenge, mijusi ya rangi mbili na kima wenye ndevu nyeupe. Ukikichukulia hivyo kilivyo, hakuna matembezi ya nusu siku ndani ya Jiji la Mwanza yanayokifikia. Sharti ni moja: kuwahi.

Likizo ya Julai na Agosti, ambayo kwa wageni wa Ulaya ndiyo majira yao ya joto, huku Kanda ya Ziwa huangukia kiangazi. Mvua za masika zimeshakatika, nyasi zimekauka na kulala, swala anaonekana kwa mbali na njia za juu ya mawe hazitelezi. Kasoro ya miezi hiyo ni hewa. Kadiri Septemba inavyokaribia, vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa huzidi, na ng'ambo ya ziwa hufifia kama imefunikwa shela. Anayetaka picha za mbali zenye rangi kali afadhali aje Januari au Februari, asubuhi inayofuata usiku wa mvua. Anayetaka wanyama aje kiangazi.

Jua la hapa linahadaa. Mwanza iko nyuzi kama 2.5 tu kusini mwa ikweta, na uso wa ziwa wenyewe uko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mionzi ni mikali ingawa upepo wa majini unakufanya ujisikie umepoa. Tena saa zetu zimepangwa kwa kufuata jua la pwani kuliko la huku ndani. Mwanza, jua la utosi halifiki saa sita kamili bali karibu na saa saba. Mgeni anayepanga kupumzika "adhuhuri ikishapita" saa saba na nusu huwa ameshatembea juu ya mawe ndani ya saa kali kuliko zote. Kofia pana, shati la mikono mirefu, na maji lita moja na nusu kwa kila mtu. Mtoto naye abebewe yake, asitegemee ya mama.

Kufika ni rahisi. Ofisi na gati la hifadhi viko Capri Point, kama kilomita mbili kutoka katikati ya mji. Ukitokea maeneo ya Posta unaweza kutembea kwa miguu, au ukachukua bajaji au bodaboda. Patana nauli kabla ya kupanda. Ukitaka dereva akufuate wakati wa kurudi, mpe saa utakayokuwa gatini, maana huko Capri Point hakuna kijiwe kikubwa kama cha mjini.

Kwenye malipo ndiko watu wengi hupoteza nusu saa. Kiingilio ni cha serikali na hulipwa kwa kadi, benki au simu, kwa kumbukumbu namba ya malipo unayopewa ofisini. Anayekuja na noti mfukoni bila salio kwenye simu huishia kumtafuta wakala huku boti inaondoka. Weka salio tangu jana yake, na ongeza kidogo kwa ajili ya makato. Viwango ni tofauti kwa raia wa Afrika Mashariki, kwa mgeni mkazi na kwa mgeni wa nje, na tofauti yenyewe si ndogo, kwa hiyo beba kitambulisho cha taifa, pasipoti au kibali cha ukaazi. Nakala iliyopigwa picha kwenye simu isiwe tegemeo lako la pekee. Kabla ya kulipa uliza mambo matatu: kama boti imo ndani ya kiingilio au inalipiwa peke yake, kama mwongozaji analipiwa, na kama boti inaondoka kwa saa au inasubiri watu watimie. Majibu ya maswali haya ndiyo yanayokupa gharama halisi ya siku, si kile kiwango kimoja kilichoandikwa juu kabisa.

Safari ya majini haizidi dakika kumi, lakini jaketi okozi livaliwe kabla ya kukanyaga boti, siyo kulikalia kama mto. Kagua vifungo vyote vinaingia na kushika, kisha mwambie mwenzako alivute juu mabegani: likipanda hadi masikioni, ni kubwa mno kwako. Mtoto apewe la saizi yake lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu. La mtu mzima litamchomoka akiingia majini, hata ukilikaza namna gani. Simu iingie kwenye mfuko usiopitisha maji. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, kwa hiyo vitu vyako vifike kwenye kikapu au begi la kitambaa.

Sababu ya kusisitiza boti ya asubuhi ni upepo. Usiku ardhi hupoa haraka kuliko maji, na hewa hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Alfajiri uso wa ghuba huwa umetulia. Jua likipanda, mawe ya mji huu hupata moto upesi, hewa juu yake hupaa na ile ya ziwani huingia kuziba nafasi. Ndiyo maana mara nyingi kuanzia mchana mawimbi huanza kupiga ubavu wa boti, na anayeshikwa na kichefuchefu atayasikia hata kwa dakika hizo chache. Wanyama nao hufuata ratiba hiyohiyo. Kati ya saa mbili na saa nne na nusu utawaona karibu wote. Saa sita utaona mawe.

Pimbi ndio wa kwanza. Mwili wa pimbi haujui kujirekebishia joto vizuri, kwa hiyo asubuhi hutoka mapangoni na kujilaza juu ya mwamba kama mikate iliyoanikwa, wakiota jua, na hapo hata mtoto wa miaka minne atawahesabu. Ukiona michirizi myeupe kwenye ubavu wa jiwe, hiyo si chokaa: ni mkojo wa pimbi uliokauka kwa miaka, nao unakuonyesha maskani yao yalipo hata kama wenyewe wamejificha. Wageni hawaamini wakiambiwa kwamba ndugu wa karibu wa mnyama huyu ni tembo na nguva, lakini ndivyo ilivyo. Mtazame meno ya mbele ya dume anapopiga miayo.

Jua likikolea kidogo, mijusi huchukua nafasi. Aina ya hapa imebeba jina la mji huu hata katika vitabu vya sayansi, Agama mwanzae: dume ana kichwa na mabega mekundu ya waridi, kiwiliwili na mkia buluu, jike ni wa kahawia kama mwamba wenyewe. Rangi ya dume hukolea anapopata joto na anapotaka kutisha mwenzake, kwa hiyo saa moja asubuhi atakuwa amefifia, na saa nne atakuwa amewaka. Kumpiga picha usimwendee moja kwa moja. Chuchumaa, kaa dakika mbili bila kujitikisa, naye atarudi juu ya jiwe lake mwenyewe, kwa sababu analilinda.

Kima wa De Brazza, anayejulikana pia kama karasinga, ndiye anayewatoa jasho waongozaji. Ana paji la rangi ya chungwa na ndevu nyeupe ndefu, na silaha yake ni kutulia. Akihisi watu hukaa tuli kabisa kwenye majani mazito, na kundi lenye kelele litapita chini yake bila kumwona. Muombe mwongozaji mwende watu wanne au watano tu, mfike kwenye miti minene kabla ya kitu kingine chochote, msiseme neno, mtazame mkia unaoning'inia na si uso. Kumkosa ni jambo la kawaida, na mwongozaji asilaumiwe. Tumbili ni kinyume chake: atakuja mwenyewe, hasa akisikia karatasi ya biskuti ikichakacha. Usimpe hata ganda la ndizi. Tumbili aliyezoea kupewa hujifunza kunyang'anya, na anayeng'atwa kwa kawaida ni mtoto aliyeshika chakula usawa wa kifua.

Ukingoni mwa maji kuna kenge, na mamba wapo pia. Kaa mbali na matete na usishuke kunawa miguu, maana hata pasipo mamba, konokono wanaobeba kichocho hupenda sehemu hizo za maji yaliyotulia. Kwa darubini ya kawaida utapata ndege wa kutosha bila kusogea: furukombe juu ya mti mkavu, mnandi waliotandaza mabawa wakijikausha, kwarara, na mdiria mweusi na mweupe anayesimama hewani palepale kabla ya kujitupa majini. Fisi maji ni bahati. Hutokea mapema sana au jua likielekea kuzama.

Viatu vinastahili aya yao. Mawe haya ni matale (graniti) yaliyopoa chini kabisa ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, yakapasuka, pembe zake zikalika kwa maji na joto hadi yakabaki mabonge ya mviringo yaliyobebana. Yakiwa makavu hushika soli ya mpira kama msasa. Yakilowa, yale mabaka ya kijani na ya kijivu yaliyoota juu yake hugeuka sabuni. Yeboyebo na kandambili hazifai, na kiatu cha soli ngumu ya ngozi ni kibaya zaidi. Kupanda si kazi. Kushuka ndiko kunakoangusha watu, kwa sababu hushuka wamesimama wima wakitazama simu. Geuka ubavu, piga goti kidogo, mkono mmoja uwe huru. Bibi mwenye magoti mabovu anaweza kubaki kwenye vivuli vya chini na bado akaona pimbi, swala na ndege, kwa hiyo asiachwe nyumbani.

Wengi bado huita mahali hapa "zuu", na wana sababu. Mwaka 1964 Saanane ilianzishwa kuwa bustani ya wanyama ya kwanza Tanzania, na ikatumika pia kuwahifadhi kwa muda wanyama waliokuwa wakipelekwa Rubondo, kisiwa kingine cha ziwa hili. Mwaka 1991 ikawa pori la akiba, na 2013 ikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa. Jina ni la Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekuwa mkazi wake wa kwanza. Historia hii inaeleza kwa nini kuna pundamilia kwenye kisiwa ambacho pundamilia asingekifikia kwa kuogelea. Inaeleza pia matarajio mabaya: walioletwa hapa na shule zao zamani huwasimulia watoto wao habari za vizimba, na watoto hufika wakiwa na orodha. Kama kuna mnyama mmoja mnayemfuata, ulizeni ofisini Capri Point kama yupo kabla ya kulipa.

Kwa haki, kasoro zipo. Anayetokea Serengeti ataona kisiwa kidogo, na saa mbili na nusu zinamtosha. Mgeni wa nje anayelipa kiwango cha juu atapata thamani ya fedha yake kama tu anapenda ndege, mawe au picha. Kama siyo, kwa upande wake bei ni kubwa kwa kinachoonekana. Kwa familia ya Kitanzania hesabu inageuka kabisa, na sijui mahali pengine mjini ambapo watoto wanaweza kumwona swala akitembea huru wakati nyuma yake yanaonekana maghorofa.

Chakula kibebwe kutoka mjini. Matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) na karanga za kukaanga ndicho kifurushi bora: havivuji, haviharibiki kwa joto, na harufu yake haiwaiti tumbili kama ndizi mbivu. Kama mnataka kuchoma nyama, ombeni ruhusa siku ya kulipa, msiwashe moto kwa kubuni, maana nyasi za kiangazi hushika kwa cheche moja. Takataka zote zirudi nanyi kwenye boti. Ndege isiyo na rubani ya kupigia picha inahitaji kibali. Bila hicho iacheni hotelini.

Panga kurudi kabla ya saa saba, na mkubaliane saa hiyo na mwendesha boti mnaposhuka, siyo mkishachoka. Mpiga picha pekee ndiye mwenye sababu ya kubaki: ukiwa kisiwani mji uko upande wa mashariki, hivyo asubuhi unaupiga dhidi ya jua, na baada ya saa tisa mwanga huangukia nyumba na mawe ya vilimani vizuri sana.

Wengine waende kula. Sato mzima wa kukaanga huchukua si chini ya dakika ishirini tangu aagizwe, kwa hiyo piga simu ukiwa bado gatini. Ukipewa nafasi ya kuchagua, tazama jicho liwe angavu lililotuna na matamvua yawe mekundu. Jicho lililozama ni samaki wa jana. Agiza ugali wa udaga, yaani wa muhogo uliovundikwa, kama upo. Halafu karibu na saa moja jioni jisogeze upande wa kivuko cha Kamanga, Jiwe la Bismarck, ule mwamba uliochomoza majini, likiwa mbele yako na jua likizama nyuma yake. Fika dakika ishirini kabla, kwa kuwa karibu na ikweta jua halichelewi: likigusa maji, ndani ya dakika tatu limekwisha.