Mdoli wa numbati wa mtumba, Darajani: nyota nne kwa tano

Jamani juma lililopita nimenunua mdoli wa manyoya kwenye meza ya mitumba pale Darajani, namuelezea hapa maana wengi watampita wakidhani ni kindi. Hata kijana anayeuza aliniambia mama chukua huyo kindi, elfu sita tu, mie namgeuza naona mistari myeupe kiunoni na ule mstari mweusi unaotoka puani ukakata jicho mpaka sikioni, nikajua huyu ni numbati, mnyama wa Australia Magharibi, mwanangu wa darasa la tatu ananisomesha habari zake kila usiku.

Kazi nzuri kwa kweli. Nishamfua mara mbili na sabuni ya unga hajatoa rangi, mkia umetimka kama brashi ya kusugulia chupa, na ulimi wamemtilia kitambaa cha pinki kirefu, hapo wamepatia sana. Numbati wa kweli mwili bila mkia haufiki rula ya skuli lakini ulimi unakwenda kama sentimita 10, na kwa siku anaweza kula mchwa hadi 20,000. Mchwa tu! Na hana nguvu ya kuvunja kichuguu, ndo mana anatembea mchana, anangoja mchwa wapande kwenye njia zao za juu juu halafu anawafukua. Sie tuliokwisha kuliwa milango tunajua huyo ni mtu wa maana.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya mfuko. Wamemshonea mfuko tumboni na mtoto mmoja ndani, kosa hilo, ni jamaa wa kangaruu sawa lakini jike lake halina mfuko, watoto kwa kawaida wanne wananing'inia kwenye chuchu nje nje, wanafichwa na manyoya tu.

Mwanangu akaniuliza numbati wamekaribia kwisha kwa nini. Nikamwambia Wazungu walipeleka mbweha kule ili wapate wa kuwinda, starehe tu, na paka waliowaleta wakageuka mashume, wakawatafuna mpaka mwishoni mwa miaka ya 1970 numbati hawafiki 1,000, wamebaki misitu kama Dryandra na Perup ambako kuna magogo yenye uwazi ndani ya kujifichia. Akauliza tena kwani hawakujua? Nikamuonesha kunguru juu ya bati, nikamwambia na hawa waliletwa Unguja miaka ya 1890 wale taka, leo wanakula mayai na makinda ya ndege wetu, akanyamaza kabisa. Ila kule wanapambana, bustani ya wanyama ya Perth inawazalisha na kuwarudisha porini, sehemu nyengine kama hifadhi ya Scotia wamezungushiwa uzio mbweha na paka wasipite, na mbweha wanategewa nyama yenye sumu ambayo ipo pia kwenye mimea ya hukohuko kwa hiyo wanyama wa asili wanaistahamili zaidi. Hilo mie lilinifurahisha mno.

Mfuko tumeufumua kwa wembe, yule mtoto tukamshona nje tumboni na wenzake watatu tukawakata kwenye kanga kuukuu. Anayetaka awahi asubuhi belo likifunguliwa, nilimuona mwengine chini ya masungura, ila yeye sikio moja hana.