Starlink Mini kwa kazi ya mtandaoni mashambani: tatizo si kasi, ni waya

Anayetaka kuhama Nairobi akafanyie kazi Nyahururu au Kitale huuliza kwanza kasi ya intaneti. Kwa Starlink Mini, dishi dogo la intaneti ya setilaiti, kasi inatosha mikutano ya video na faili kubwa. Kinachomkwamisha mtu ni stima na miti.

Dishi lina uzito wa kilo 1.1 hivi, ruta imo ndani yake, na hula wati 25 hadi 40. Dishi la kawaida la Starlink hula 75 hadi 100, kwa hiyo penye sola Mini ndiyo ya kuchukua. Piga hesabu: wati 30 kwa saa 10 ni Wh (wati-saa) 300, laptopu ya wati 50 kwa saa 8 ni Wh 400, jumla Wh 700. Betri ya jeli ya volti 12, Ah (ampea-saa) 100, haifai kushushwa chini ya nusu, yaani Wh 600 tu. Haitoshi. Lithiamu ya Ah 100 inakutoa siku nzima na akiba ikabaki.

Kosa kubwa liko kwenye waya. Dishi hupokea volti 12 hadi 48 za DC (umeme kama wa betri), basi fundi analiunga moja kwa moja kwenye betri kwa waya wa milimita 1.5 mraba, mita 10 hadi paani. Likiwaka huweza kuvuta ampea 5. Volti moja na ushei inapotelea njiani, dishi linapata 11, linazima, linawaka, linazima tena. Lawama zinaenda kwa setilaiti. Weka kando ya betri kifaa cha kupandisha volti kutoka 12 hadi 30; ampea zitapungua, na waya uleule utafaa.

Miti nayo: mgrevilea mmoja ukiziba anga, mkutano unaganda sekunde chache, unarudi, unaganda tena. Pima vizuizi kwa programu ya Starlink kwenye simu kabla ya kuchimba shimo la nguzo, na urudie kila miezi sita, maana mgrevilea hukua upesi.

Kifurushi chenye kikomo kidogo, mfano GB 50 kwa mwezi, kiache. Video hula takriban GB 1 kwa saa. Saa 4 kwa siku 22 ni GB 88. Mvua kubwa ikikata mawimbi, simu yenye laini ya 4G ikuvushe. Radi ikianza, chomoa dishi.