Kibanda cha vitabu pale stesheni Tabora, na kurasa zilizokosekana

Nianze na ugomvi, maana ndio ulionikalisha kuandika. Mwezi wa nne nilinunua kwa Mzee wa vitabu "Great Expectations" cha Charles Dickens, shilingi elfu nne, jalada limebanduka na harufu ya tumbaku tupu. Nilikisoma wiki sita, usiku baada ya kufunika cherehani, kamusi pembeni, maana Kiingereza changu ni cha kidato cha nne na siku nyingi zimepita. Nikafika mwisho. Pip, kijana mwenye hadithi yenyewe, karudi kwao baada ya miaka kumi na moja, anaingia uwanjani kwa ile nyumba iliyobomolewa, jioni, ukungu umetanda, mbele anaona mtu yuko peke yake. Nafunua ukurasa, nakutana na jalada la nyuma.

Wiki sita, halafu jalada la nyuma.

Kwa msiopajua: ukitoka stesheni utaona mwembe mkubwa na turubai la bluu lililofungwa kwenye tawi. Hakuna kibao. Kuna meza mbili na magunia. Magunia yenyewe ndiyo yaliyofungia mitumba ya tumbaku, kwa hiyo kitabu chochote utakachotoa pale, kiwe cha Kirusi au cha Kifaransa, kinanuka Urambo, kwenye mashamba ya tumbaku. Wateja wake wakubwa ni abiria. Treni ya bara ikifika Tabora mabehewa hukatwa na kuungwa upya, ya Kigoma huku, ya Mwanza kule, na mtu anakaa hata saa tatu hana la kufanya. Ndipo anaponunua riwaya ya kurasa mia tano ambayo hataimaliza, na safari nyingine anamrudishia Mzee kwa nusu bei. Hivyo ndivyo biashara inavyozunguka.

Kununua ni kati ya elfu mbili na elfu saba. Kuazima ni mia tano kwa wiki, ila unaacha elfu tano ya dhamana, na hiyo elfu tano usitegemee kuirudishiwa siku hiyo hiyo, maana chenji hana kamwe. Ijumaa mchana hufunga. Mvua ikianza anafunika vitabu kwanza, wateja baadaye.

Basi nikaenda na kitabu changu mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Umemaliza?"

"Nimemalizaje, na kitabu hakina mkia?"

Akakipokea, akakigeuza, wala hakushtuka. Akaniambia hata mwenye kitabu mwisho ulimtesa. Nikajua sasa nazungushwa. Lakini ni kweli. Dickens alikuwa anakitoa kidogo kidogo kwenye gazeti lake la kila wiki, kuanzia Desemba 1860 hadi Agosti 1861, kama zile hadithi za magazeti yetu zinazokatika mtu kashika panga mkononi, "itaendelea wiki ijayo". Mwisho aliouandika kwanza ulikuwa wa huzuni. Rafiki yake Bulwer-Lytton, naye mtunzi wa riwaya, akausoma kabla haujachapwa, akamsihi aubadilishe. Akaubadilisha. Mzee akanisimulia yote miwili, amesimama, wateja wengine wanasubiri, akamaliza kwa kusema nichague ninaoutaka. Pesa hakurudisha. Nyota moja kati ya tano nimemkata hapo hapo.

Ila alinipa kuazima bure wiki mbili, akachomoa kwenye gunia la pili "Pride and Prejudice" cha Jane Austen, cha mwaka 1813. Akasema, "Hiki kina mabinti watano na nyumba moja. Utakielewa." Hajui habari zangu, au labda anazijua, Tabora ni mji mdogo.

Wengi wanakisifu kwa mapenzi ya Elizabeth, mmoja wa mabinti hao, na yule tajiri Darcy wa pauni elfu kumi kwa mwaka. Sawa. Mimi nilisimama kwingine. Bwana Bennet ana shamba na nyumba, lakini kwa masharti ya urithi wa kwao mali inamwendea mwanamume, naye hana mtoto wa kiume. Akifa, mkewe na mabinti wote watano wanatoka, anaingia ndugu wa mbali, Collins. Sasa huyo Collins anakuja kutembea baba mwenye nyumba akiwa bado mzima. Anapita sebuleni, anapita chumba cha kulia, kila kiti anakitazama, kila kitu anakisifu, na mama wa nyumba roho inamuuma kwa sababu anajua yule anatazama vitu anavyohesabu kuwa vyake baadaye.

Nilikiweka kitabu chini nikacheka mpaka binti yangu akaamka. Arobaini ya mume wangu ilikuwa haijafika, shemeji akaja na mwenzake, wakapita uani wanahesabu mabati kwa kidole. Milango akaisifu sana. "Marehemu aliweka mninga," anasema, huku anaugonga kwa kifundo cha kidole, ko ko ko, kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni. Miaka minane imepita, na mlio ule bado nausikia. Nyumba ninayo, jina langu lilikuwa kwenye hati. Wale akina Bennet hawakuwa na hati ya kuonyesha. Mwanamke mmoja wa Uingereza, hajawahi kuolewa, aliyefariki mwaka 1817, alimjuaje shemeji yangu?

Na Charlotte, rafiki yake Elizabeth, mnamwonea. Nimesikia mabinti wakisoma kitabu hiki wanamcheka kwa kukubali kuolewa na Collins yule yule. Ana miaka 27, hana mali, sura yenyewe ya kawaida, kaangalia hesabu zake kaona paa ni paa. Niseme nini mimi, ambaye wateja wangu nusu wanashona gauni la harusi na jicho liko kwenye kiwanja cha bwana harusi?

Tahadhari moja kwa wenye watoto shuleni. Pale mezani kuna vile vitabu vyembamba vilivyofupishwa. Ni rahisi, elfu mbili tu, lakini vimechunwa nyama. Nililinganisha cha Pip: sura ya Joe kwenda London haimo kabisa. Joe ni mhunzi, shemeji yake Pip, ndiye aliyemlea. Anamfuata mjini na nguo zake za kanisani, hajui kofia aiweke wapi, anaiegesha juu ya meko, inaanguka, anaidaka, inaanguka tena. Anamwita Pip "bwana". Na Pip, aliyekuwa anakula naye mkate sahani moja, anaona aibu. Nilisoma hapo nikamkumbuka mwanangu chuoni Dar, siku nilipomfikia hosteli na ndoo ya asali na karanga. Aliipokea ndoo getini, haraka haraka, akanisindikiza mpaka kituo cha daladala. Hakunitukana. Alitembea mbele kidogo tu. Sasa ukikifupisha kitabu ukaiondoa kofia, umebakiza nini?

"Middlemarch" cha George Eliot sijakimaliza, nakiri. Ni tofali. Kwa sasa nakilazia kitambaa kisiteleze wakati wa kukata. Mzee alinichombeza kwa kusema kilikuwa kinatoka sehemu kwa sehemu, kuanzia Desemba 1871 hadi Desemba 1872, na miezi mingi ya mwaka huo wa 1872 Livingstone alikuwa hapa jirani, Kwihara, anasubiri wapagazi. Kwa hiyo wenzetu wanasubiri sura inayofuata, yeye anasubiri watu wa kubeba mizigo. Nilikipenda kisa hicho kuliko kitabu.

Cha Kiswahili ni haba, na hapa lawama si ya Mzee. Anacho "Mashimo ya Mfalme Sulemani" cha Haggard na "Kisiwa chenye Hazina" cha Stevenson, vilivyofasiriwa enzi za Mwingereza, vyote vya kutafuta mali ya kuchimba. Haviuzi, anaviazimisha kwa anayemwamini. Nimetafuta Austen kwa Kiswahili kwenye magunia yote matatu, sikumpata. Binti yangu anazifuata tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti kwa Kiswahili, urithi na mama wakwe kila jioni, kwa nini asimpate Bibi Bennet hivyo hivyo?

Nyota tatu kati ya tano. Ingekuwa mbili, ila juzi Mzee kaniita nikipita. Kapata nakala nyingine ya Dickens, nzima, ya msafiri wa Mpanda, na nyuma yake wamechapa na ule mwisho wa kwanza. Akanituma dukani ng'ambo ya barabara nikatoe fotokopi, kurasa sita kwa mia mia, pesa yangu. Katika ule uliochapishwa gazetini, Pip na Estella, yule aliyempenda tangu utotoni, wanatoka bustanini wameshikana mikono. Katika ule wa kwanza wanakutana barabarani London, Pip kamshika mkono mtoto wa Joe, Estella anadhani ni mtoto wa Pip mwenyewe, wanapeana mkono, kila mtu na njia yake.

Nimezishonea kitabuni kwa cherehani, sindano nene ya jinzi, uzi mwekundu kwa kuwa mweusi ulikuwa umeisha. Nimetanguliza ule wa furaha, kama mwenyewe alivyotaka. Ule wa barabarani nimeuweka nyuma yake, ndio wa mwisho kabla ya jalada.